Jina la Babu Mvuvi: Wito kwa Watu wa Kilwa na Lindi

Katika nyumba nyingi za Kilwa Kivinje, Pande, Mchinga na Lindi mjini kuna karatasi isiyoonekana mpaka siku ya hitma. Aghalabu ni ukurasa wa daftari la shule, umekunjwa mara nne, na mikunjo imeanza kukatika. Ndani yake mna majina ya marehemu wa nyumba ile, moja chini ya jingine, mengine kwa herufi za Kiarabu, mengine kwa herufi za Kirumi, kwa miandiko ya watu watatu au wanne waliopokezana kalamu miaka nenda miaka rudi. Mwalimu hukabidhiwa karatasi hiyo, huyasoma majina, watu huitikia dua, pilau hupakuliwa, kisha karatasi hurudi kabatini chini ya kanga.

Nawaandikia ninyi mliorithi karatasi hiyo. Safari hii, kabla haijarudi kabatini, kaeni nayo.

Maana katika orodha ile, karibu kila nyumba ya pwani yetu, yumo mvuvi. Hakuandikwa kwamba ni mvuvi. Ameandikwa jina lake na la baba yake, basi. Karatasi haisemi kama alivua kwa mshipi au kwa dema, kama alikuwa na mtumbwi wake au alipanda chombo cha mtu, kama alizaliwa hapa au aliletwa. Anayejua ni bibi mmoja aliyebaki, amepita miaka 80, na kila mwezi anaopumua ni hazina ambayo hatujaifungua.

Kilwa haina upungufu wa majina yaliyohifadhiwa. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliandika jina la sultani aliyemkuta, al-Hasan bin Sulaiman, na akausifu ukarimu wake. Tarehe ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu inawataja masultani mmoja baada ya mwingine na nani alimrithi nani. Mreno João de Barros naye akachapisha habari zao mwaka 1552. Sarafu za shaba zilizopigwa Kilwa zina majina ya wenye enzi, na mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu tano za Kilwa kwenye mchanga wa Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Jina la sultani limefika Australia. Jina la mtu aliyemvulia sultani huyo kitoweo halikufika kwa vilembwe wake.

Siwanung'unikii masultani. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981 na yanastahili. Lakini wachimbaji wa mambo ya kale wanaochimba miji ya pwani hukuta mifupa ya samaki marundo kwa marundo, na mifupa hiyo ni ushahidi wa watu waliolisha miji ile kwa karne nyingi. Hao ndio babu zetu wengi wetu. Mtu wa pwani anayedai nasaba ya sultani anapatikana kwa urahisi. Anayesema kwa fahari kwamba ametoka kwa mvuvi wa dema ni adimu, na mimi nataka tuwe wengi.

Ugumu wa kumtafuta mvuvi nauelewa. Shamba lina mipaka, na mnazi una mwenyewe. Watu wakigombea minazi kesi hufika kwa kadhi au kwa liwali, ikaandikwa, na majina yakabaki. Bahari haina hati. Mvuvi alimiliki ndoana zake, mshipi wake na dema alizosuka kwa mkono wake. Chombo na nyavu mara nyingi vilikuwa vya tajiri, na pato liligawanywa pale pale ufukweni: fungu la chombo, fungu la nyavu, mafungu ya watu. Hesabu hiyo iliishia mchangani, na maji yalipojaa ikaondoka.

Hata hivyo, kila serikali iliyotawala pwani hii ilimtaka mvuvi kwa jambo fulani, na ilipomtaka ilimwandika.

Ilimtaka kwanza kwa kodi. Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897, Waingereza wakaendelea kutoza kodi ya nyumba na ya kichwa, na mtu asiyekuwa na stakabadhi alikuwa hatarini kukamatwa. Ndiyo maana stakabadhi zilitunzwa kuliko hata picha. Zimo kwenye mikebe ya biskuti, kwenye makasha ya bibi harusi wa zamani, ndani ya Misahafu, juu ya dari. Kijikaratasi kile kilicholiwa nusu na mchwa kinaweza kukupa jina, kijiji na mwaka, na mambo hayo matatu yakikutana pamoja ni mali kubwa kwa mtafutaji. Kadi ya TANU nayo, iliyoanza kutolewa baada ya chama kuasisiwa Julai 1954, ina jina la mwenyewe na tawi lake. Nimeona watu wakizitupa kadi hizo wanapohamisha nyumba kwa sababu mwenyewe ameshafariki. Kwa kuwa amefariki, ndipo ilipopata thamani.

Kuna karatasi nyingine ambayo kwetu hutajwa kwa sauti ya chini, nami nitaitaja wazi: hati ya uhuru wa mtumwa. Kilwa ilikuwa bandari ya watumwa. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alifunga mkataba na Mfaransa aliyeitwa Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka; karne iliyofuata Kivinje ikawa mlango wa misafara iliyotoka pande za Ziwa Nyasa kwenda Unguja. Si wote waliopakiwa majahazini. Wengi walibaki pwani, wakalima, wakabeba mizigo, wakavua, na aliyevua alimpelekea bwana wake sehemu ya pato. Wakati wa Wajerumani maelfu walipata hati za uhuru, wengine kwa kujikomboa wenyewe kwa fedha za jasho lao. Watoto waliozaliwa baada ya mwaka 1905 walihesabiwa huru, na utumwa wenyewe ulifutwa kwa sheria mwaka 1922, Waingereza walipokuwa wameishika nchi. Piga hesabu: bibi aliyezaliwa mwaka 1940 alilelewa na watu waliokuwa watu wazima kabla ya 1922. Jambo hili halijapita mbali kama tunavyojidai.

Basi usishtuke ukikuta kwamba babu yako mvuvi wa Kivinje asili yake ni Uyao, au Ungindo, au ng'ambo ya Ruvuma. Wapo waliojiunga na ukoo wa bwana ili watoto wao wasidharauliwe mtaani wala wasinyimwe wake. Walifanya hivyo kwa kuwapenda watoto hao, ambao ndio wazee wetu. Hati ya uhuru ni miongoni mwa karatasi chache za zama zile ambamo mtu maskini aliandikwa kwa jina lake mwenyewe, akitajwa kuwa mtu huru mbele ya serikali. Familia yenye hati hiyo inayo heshima, na ningependa siku moja kuiona imewekwa kwenye fremu sebuleni. Lakini mzee akisema "hilo tuliache," liacheni mbele za watu. Andikeni habari hiyo pembeni, pawe na mmoja wa kuaminika wa kuitunza, na wala isifike kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kabla wenyewe hawajaridhia.

Aliyekuwa baharia wa jahazi ana nafasi kidogo zaidi ya kuonekana. Mkataba wa Brussels wa 1890, uliolenga kukomesha biashara ya watumwa baharini, uliwataka manahodha wa vyombo vya pwani wawe na orodha ya mabaharia wao, na uliagiza baharia Mwafrika aulizwe kwanza kama ameajiriwa kwa hiari yake. Pale karatasi za namna hiyo zilipobaki, zimo katika nyaraka za serikali zilizosimamia bandari. Kama chombo cha kwenu kilikuwa kikipanda na kusi kwenda Unguja, mlango wa kubisha ni Nyaraka za Taifa Zanzibar, pale Kilimani.

Kisha vita. Septemba 1916 Waingereza waliitwaa Kilwa na Lindi, na mwaka uliofuata yakapiganwa mapigano makali bara ya Lindi, makali kuliko yote yakiwa ya Mahiwa, Oktoba 1917. Pande zote mbili zilihitaji wapagazi, na watu wa pwani walichukuliwa, wakiwemo wasiowahi kubeba kitu kizito kuliko nanga. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Nilipoisoma idadi hiyo nilizifikiria nyumba za kwetu ambako husemwa tu "babu alikwenda vitani na Wazungu, hakurudi," kisha mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mchele. Tafadhalini, msiyahamishe. Muulizeni aliyesema: aliitwa nani, alichukuliwa wapi, aliacha mke gani, nani alileta habari. Pale ambapo serikali haikuandika, mahali pekee jina lilipo ni kinywani mwa mtu wa kwenu.

Na jina likiandikwa, hata pembezoni mwa ukurasa wa mtu mwingine, linaweza kungoja miaka 100 na likatufaa. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa Lindi. Mamia ya watu wa kwetu walichimba, na wapagazi waliibeba mifupa hiyo kwa miguu, safari ya siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi. Leo iko Berlin, na mmoja wa wanyama hao amesimamishwa makumbusho akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Kwa miaka mingi waliotajwa walikuwa maprofesa tu. Lakini jina la msimamizi wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, lilikuwa limeingia kwenye maandishi yao, na sasa mtu akiandika habari za Tendaguru kwa uadilifu humtaja. Wenzake mamia hawatajwi, kwa kuwa majina yao hayajulikani. Nani anajua kama yamo kwenye karatasi za hitma za Lindi?

Mtakapotaka kwenda mbali zaidi ya nyumbani, nendeni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Mtaa wa Vijibweni, Upanga, Dar es Salaam. Humo mna majalada ya Wajerumani na ya Waingereza, na vitabu vya wilaya ambavyo mabwana shauri waliviandika. Ulizieni taratibu za kusoma kabla hamjapanda basi. Msitarajie kumkuta babu ukurasa wa kwanza. Mtakachokuta ni jina la jumbe, la akida, la kijiji ambacho siku hizi hakipo, habari za kodi, habari za njaa. Na hapo maneno ya bibi yanapata mahali pa kusimama. Bibi alisema "babu alikuwa mtu wa jumbe fulani". Jalada linasema jumbe huyo alikuwa wapi na lini. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika sehemu ya vitabu vya Afrika Mashariki, ina magazeti ya zamani. Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilipokea habari kutoka miji mbalimbali ya Tanganyika, na mara nyingine chombo kilichozama kinapata mistari miwili.

Someni majina kwa masikio. Karani wa Kijerumani aliandika alivyosikia, kwa tahajia ya kwao: Shomari akawa Schomari, Mchinga ikawa Mtschinga, Kivinje ikawa Kiwindje. Karani wa Kiingereza akaja na yake. Selemani, Suleiman na Seliman wanaweza kuwa mtu mmoja katika majalada matatu. Na liko jambo kubwa zaidi ambalo tahajia haiwezi kulionyesha: kwa Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo ulifuata upande wa mama. Karani alitaka "bin" na jina la baba, akapewa. Mjomba, ambaye ndiye aliyemlea mtoto na kumwozesha, hakuandikwa popote. Mkimtafuta babu mvuvi wa Lindi kwa upande wa baba peke yake, mtafika vizazi viwili mkwame. Ulizeni mjomba wake alikuwa nani.

Sasa, namna ya kuuliza. Swali la "babu alizaliwa mwaka gani?" huua mazungumzo. Mzee hujiona anatahiniwa, akajibu "sijui," na mlango ukafungwa. Mwulizeni kazi. Alivua na nani? Nahodha wake nani? Walikwenda dago wapi, Songosongo au Mafia, na walirudi na ng'onda kiasi gani? Mwamba aliouzoea unaitwaje? Nani alimfunza, na yeye alimfunza nani? Samaki alimuuzia nani?

Mzee mmoja wa Somanga niliyezungumza naye kuhusu baba yake hakuweza kutaja mwaka hata mmoja. Nilipomuuliza baba alivua kwa kitu gani, aliinama akachora dema mchangani kwa kidole: pembe sita, na mlango unaoingia ndani ukizidi kubana, samaki apite asipate njia ya kurudi. Akaonyesha fundo la kufungia kifuniko cha nyuma, fundo ambalo alisema wenzake wa Somanga hawalifungi hivyo. Baba yake alilipata wapi? Mafia, kwa baba mkwe wake wa kwanza. Kumbe kulikuwa na mke wa kwanza! Binti yake aliyekuwa amekaa nasi, mama mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa halijui hilo. Mpaka adhana ya alasiri tulikuwa na jina la mke huyo, kijiji chake, na habari ya mtoto aliyebaki Mafia ambaye familia ya Somanga ilikuwa haijawahi kumtafuta. Yote hayo yalitoka kwenye fundo.

Miaka mtaipanga baadaye kwa matukio ambayo wazee hawayasahau: Majimaji mwaka 1905, vita vya Mjerumani na Mwingereza, tufani iliyoipiga Lindi Aprili 1952, Uhuru, kuhamia vijijini, njaa ya 1974. "Alikufa baada ya tufani, kabla ya Uhuru" ni jibu kamili. Liandikeni lilivyo, msilazimishe tarakimu.

Na msimwandike babu mkamwacha bibi. Wanawake wa pwani hii walitanda kwenye maji ya kina kifupi, walichokoa pweza kwenye miamba wakati wa bamvua, walikaanga samaki na kuwauza, na siku ambazo kusi lilifunga bahari wao ndio walioivusha nyumba. Muulizeni mzee nani alikuwa akikaanga, mkalikute jina ambalo hata karatasi ya hitma imelisahau.

Huenda mtu akasema haya ni ya watu wenye nafasi, sisi tuna shida za leo. Namwomba aangalie ndugu zetu Wapemba wa pwani ya Kenya. Ni wavuvi, wazee wao walitoka Pemba wakahamia Kilifi, Kwale na kwingineko wakifuata samaki, na kwa miongo mingi watoto wao waliishi bila uraia wa nchi yoyote: bila kitambulisho mtu hapati leseni ya kuvua, hafungui akaunti benki, hasajili laini ya simu. Sheria ya Kenya ya 2011 iliwapa njia watu wasio na uraia walioishi nchini humo mfululizo tangu 12 Desemba 1963, pamoja na vizazi vyao. Kwa hiyo swali la babu alifika lini, na nani anaweza kulithibitisha, likawa swali la mkate wa mjukuu. Wapemba wale walitambuliwa mwaka 2023, baada ya kuhangaika sana. Watu wa Kilwa na Lindi nao wametawanyika: wako Mbagala, Unguja, Mombasa, ng'ambo ya Ruvuma, Maskati. Mvuvi hufuata samaki, na samaki hajui mpaka.

Kwa upande wetu, sheria ya kuandikisha vizazi na vifo Tanganyika ilitungwa mwaka 1920, lakini kwa muda mrefu Mwafrika hakulazimishwa, na hivyo wengi wetu tukimtafuta babu katika vitabu vya RITA hatutamkuta. Wajukuu zetu si lazima wapate tabu hiyo. Kizazi kinatakiwa kiandikishwe ndani ya siku 90, kifo ndani ya siku 30. Vifo vya baharini ndivyo vinavyoponyoka. Chombo hakikurudi, familia inangoja, inasoma dua, inakata tamaa kidogo kidogo, na hakuna anayekuwa na moyo wa kufuata karatasi. Watendaji wa vijiji na mitaa, msingoje mjane aje ofisini. Nendeni mkamwamkue, mkampe pole, mkamsaidie kuandika.

Viongozi wa vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi (BMU), nanyi mnashika daftari ambalo babu zetu hawakuwa nalo. Daftari la leo la wavuvi na vyombo, lenye majina na tarehe, litakuwa mwaka 2080 kitu ambacho vitukuu watakisafiria. Likijaa lisitumike kuwashia moto wala kufungia dagaa. Mwaka 2003 karibu na Songo Mnara alivuliwa silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini alitoweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita, mpaka mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Mahali na mwaka alipovuliwa vimeingia kwenye vitabu vya dunia. Ni wangapi kati yetu wanaoweza kumtaja aliyemtoa majini?

Maofisa wa halmashauri wanaijua Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002: kumbukumbu za umma zina utaratibu wa kutunzwa na hata wa kuteketezwa, na haichomwi rejesta ya kodi ya mwaka 1962 kwa kuwa stoo imejaa. Kama yako majalada ya zamani yaliyolowa kwenye mafuriko ya Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 na bado yako kwenye viroba, yaanikeni kivulini, na Idara ya Nyaraka iarifiwe. Ukurasa uliolowa mara nyingi bado unasomeka.

Walimu, mna jeshi. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipeleka wanafunzi vijijini kuandika maneno ya wazee walioiona Majimaji kwa macho yao, na mpaka leo mwanahistoria wa vita vile, awe wa hapa au wa Ulaya, hana budi kuyarejea. Wale hawakuwa maprofesa. Walikuwa vijana wenye daftari na subira. Mwanafunzi wa kidato cha tatu wa Kilwa Masoko au wa Lindi anaweza kuandika habari za mvuvi mmoja wa ukoo wake wakati wa likizo. Darasa la watu 40 likifanya hivyo, tuna wavuvi 40 waliorudi kwenye historia.

Kuhusu karatasi zenyewe, jambo fupi. Msizipeleke kutiwa plastiki ya moto wala msizibandike kwa utepe wa gundi. Vyote viwili huziua polepole. Pigeni picha kwa simu mchana, kivulini, ukurasa mmoja mmoja, mbele na nyuma. Karatasi halisi itiwe kwenye bahasha kavu, na juu ya bahasha, kwa penseli, paandikwe ilikuwa ya nani na nani aliitunza. Nakala zikae mahali zaidi ya pamoja: nyumbani, madrasa au shuleni, na kwa ndugu anayeishi mji mwingine.

Na kuna mahali pamoja ninapopaombea kwa moyo wote. Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko. Ni mradi mkubwa, wenye gati na mitambo ya barafu, na utabadilisha maisha ya watu. Ndani ya bandari hiyo naomba kitengwe chumba kimoja kisicho kikubwa, chenye meza, kabati la chuma na msimamizi anayependa watu, kiwe cha majina ya wavuvi wa pwani hii kuanzia Somanga hadi Sudi. Mtu alete nakala ya karatasi yake ya hitma, stakabadhi ya kodi, picha ya babu amesimama na nguru begani. Viandikwe, vipigwe picha, arudi navyo nyumbani. Dema moja iliyosukwa na fundi wa kweli itundikwe ukutani pamoja na jina la fundi huyo. Mtoto wa Dar es Salaam anayekuja kutembea Kisiwani apitie hapo kwanza na aulize, "Mnaye wa kwetu?"

Hatuna haja ya kungoja chumba kijengwe ndipo tuanze. Shaaban haiko mbali, na watu watakuja kutoka Dar es Salaam kwa hitma na kuzuru makaburi. Kila nyumba ichague kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri, akae na wazee siku mbili kabla ya pilau, jina moja moja, aandike: mtu huyu alifanya kazi gani, kwa chombo gani, na nani, mama yake nani, mjomba wake nani. Na ninyi madiwani wa Kilwa na Lindi, mnaosoma haya mkiwa na karatasi zenu kabatini kama sisi sote, kiombeeni chumba hicho kwenye bajeti ijayo.